Ile 60 ya kwenye boksi la flashi

Ndugu Mhariri,

Kijana ninayemfundisha kazi alikuja juma lililopita na vitu viwili mkononi: ukurasa alioukata kwenye gazeti lenu, na flashi mpya iliyokuwa bado na nailoni usoni. Ukurasa ulikuwa ule wa ushauri kwa wanaotaka kutumia flashi isiyokaa juu ya kamera. Sentensi moja alikuwa ameipigia mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu. Ilisema mnunuzi aangalie namba elekezi, yaani kipimo cha nguvu ya flashi, na kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo flashi inavyokuwa bora. Yake ilikuwa na 60. Kijana anacheka peke yake. Mimi nikaigeuza nikitafuta palipoandikwa kwamba ina redio ndani, ya kupokea ishara ya kamera kutoka mbali. Sikupaona.

Nimepiga picha za sherehe miaka ishirini na miwili, na mwandishi wenu simfahamu. Huenda anajua mengi kuhusu kamera. Ila sentensi ile imemponza kijana wangu, na nina hakika si yeye peke yake aliyekuwa na kalamu nyekundu.

Namba elekezi yenyewe si uongo. Ni umbali kwa mita ambao mwanga wake unatosha picha, ukizidisha kwa namba ya tundu la lenzi, kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kuupokea mwanga). Flashi ya 60 ukiitumia na lenzi iliyofungwa hadi f/8, gawanya 60 kwa 8, unapata mita saba na nusu. Shida ni jinsi ilivyopimwa. Kichwa cha flashi kina zumu yake, ya kubana au kutanua mwanga kulingana na lenzi, na watengenezaji hupima kikiwa kimesukumwa hadi mwisho, mara nyingi milimita 200, mwanga wote ukiwa umebanwa mwembamba kama wa tochi. Canon walipotoa 600EX-RT mwaka 2012, ile 60 ya kwenye jina ilikuwa ya milimita 200. Kwa milimita 35, mwanga ukiwa umetanuliwa, flashi hiyo hiyo ni 36. Kwenye kijitabu imeandikwa wazi. Kwenye boksi linabaki lile lililo kubwa. Wengine huiandika kwa futi, 60 ikawa 197, na mnunuzi akadhani amepata kitu cha aina nyingine kabisa.

Tuliipima ya kijana. Nilimwambia aiweke kwenye stendi, zumu 35, nguvu yote, kisha tukavuta utepe wa kupimia hadi mita tatu na mimi nikasimama pale na kipima mwanga. Akabonyeza. Kikasoma f/11. Tatu mara kumi na moja, thelathini na tatu. Akaniomba turudie. Tukarudia, ikawa ile ile.

Na hiyo 33 ni ya flashi tupu. Sisi tunaoitoa flashi kwenye kamera hatuitoi ili tuipige tupu, maana kioo cha flashi ni kidogo kama kiganja cha mtoto, na chanzo kidogo cha mwanga hutoa kivuli chenye makali ya wembe chini ya pua na kidevu. Tunaipitisha kwenye mwavuli mweupe ili chanzo kiwe kipana. Mwavuli nao unadai ushuru wake, stopu mbili hivi, na kila stopu ni mwanga kukatwa nusu. Stopu mbili zinaikata namba elekezi nusu, tukabaki na 16 na nukta. Gawanya kwa 8: mita mbili na ushee. Kutoka saba na nusu za hesabu ya boksi!

Najua mtu atasema, basi anunue yenye nguvu zaidi. Mwanga haufanyi kazi hivyo. Ukienda mbali maradufu, unasambaa kwenye eneo mara nne, kwa hiyo ukitaka kufika mara mbili ya umbali unahitaji flashi nne za namna ile. Au upandishe ISO kutoka 100 hadi 400, kazi ya kidole kimoja. Au usogeze stendi. Mimi husogeza stendi. Kati ya flashi ya 60 na ya 50, zikipimwa kwa zumu ile ile, tofauti ni nusu stopu tu, na nusu stopu sijawahi kumwona mteja akiilalamikia.

Ningekuwa mimi ndiye mwandishi wenu, ningeanza na swali jingine: kamera itaiitaje hiyo flashi ikiwa mbali? Waya upo, na haukosei, ila kwenye ukumbi wenye watu waya ni mtego wa miguu. Nimeshaona stendi ikienda chini na kila kilichokuwa juu yake. Zinabaki njia mbili, mwanga na redio.

Ya kijana ilikuwa ya mwanga. Flashi hizi zina jicho, na zinawaka zikiona flashi nyingine imewaka. Nyingi zina modi mbili, S1 na S2. S1 inawaka kwa mweko wa kwanza inaouona. S2 inausamehe wa kwanza na kusubiri wa pili, kwa sababu kamera ikiwa kwenye TTL, yaani ikijipimia yenyewe nguvu ya flashi, flashi yake hutoa kwanza mweko mdogo wa kupimia, halafu ndiyo wa picha. Asiyelijua hilo ataiweka S1, flashi itawaka mapema mno, yeye ataiona kwa macho yake imewaka, na kwenye picha mwanga wake haumo. Kijana alipoteza jioni nzima hapo. Alishafika mahali pa kuilaumu kamera.

Ndani ya chumba, kuta nyeupe, njia ya mwanga inakwenda vizuri tu. Nikon walikuwa na mfumo wao wa kuamuru flashi kwa mwanga tangu 2003, Canon hata kabla yao, na watu walifanya nazo kazi nzito. Ila nje! Jumamosi ile tulikuwa na wahitimu wanne, saa sita mchana, jua la utosi, flashi imewekwa upande na nyuma kidogo ya watu. Kijana anabonyeza, kimya. Anasogea, inawaka mara moja, halafu kimya. Jicho la flashi lilikuwa limejaa jua kiasi kwamba mweko mdogo wa kamera halikuutofautisha, na isitoshe lilikuwa limeangalia kwingine. Nilimwonyesha namna ya kuokoa siku: kiwiliwili cha flashi kizungushe kiangalie kamera, kwa sababu jicho liko usoni mwa kiwiliwili, halafu kichwa peke yake kigeuze kwa watu. Mkono mmoja uliwekee jicho kivuli kama unavyojikinga jua ukitafuta mtu kwa mbali. Iliwaka mara saba kati ya kumi. Mara tatu zilizobaki ndizo wahitimu waliruka na kofia zikawa hewani.

Redio haihitaji kuonana na flashi. Nyingi za siku hizi zinatumia 2.4 GHz, masafa yale yale ya Wi-Fi, na watengenezaji huandika mita 100. Hiyo ni uwanjani, pasipo kitu katikati. Mwili wa binadamu una maji mengi na maji hayaipendi 2.4 GHz, kwa hiyo ukumbi uliojaa watu waliosimama unapunguza umbali huo vibaya. Dawa ni kuinua flashi juu ya vichwa. Hata hivyo naweza kuiweka nyuma ya nguzo, nyuma ya mlango, ndani ya gari, na ikawaka.

Redio nayo ina vituko vyake. Mwaka mmoja kwenye harusi tulikuwa wapiga picha wawili, mimi upande wa bibi harusi, mwenzangu upande wa bwana harusi, na bila kujuana tulikuwa na mfumo mmoja. Flashi yangu ikaanza kuwaka yenyewe. Nikaizima, nikaiwasha, nikabadilisha betri. Nikaja kugundua inawaka kila yeye anapobonyeza: wote tulikuwa chaneli 1, jinsi zilivyotoka kiwandani. Mbaya haikuwa kuwaka ovyo. Pete ilipokuwa inavishwa, yeye alibonyeza nusu sekunde kabla yangu, flashi yangu ikatumia chaji yake kwenye picha yake, na mimi nikapata picha ya giza. Tangu siku ile sifungui begi kabla sijabadilisha chaneli, na kama mfumo una namba ya utambulisho zaidi ya chaneli, naiweka na hiyo.

Kwa hiyo namshauri mtu achague kwanza lugha ya redio, kisha flashi. Kamera za Canon, Nikon, Sony na Fujifilm haziongei lugha moja ya TTL. Kile kidude kinachokaa juu ya kamera na kutuma ishara, ambacho sisi tunakiita triga, lazima kiwe cha kamera yako. Flashi iliyoko mbali inategemea mfumo. Kuna mifumo, kwa mfano ule wa Godox wa 2.4 GHz, ambamo ukishaweka triga ya kamera yako, flashi za mbali zinakubali amri hata zikiwa ziliandikwa ni za kamera nyingine. Faida yake inakuja baadaye, ukibadilisha kamera: unabadilisha triga, flashi zinabaki. Asiyeliuliza hilo mwanzoni hujikuta na droo ya vidude visivyosalimiana. Ninayo droo hiyo. Ina mifumo mitatu.

Kwenye TTL nina maoni ambayo wenzangu wengi hawayapendi: kwa flashi iliyosimama kwenye stendi, sioni haja yake. TTL inapima mwanga unaorudi kupitia lenzi na kuamua flashi itoe kiasi gani. Gauni jeupe likijaza picha, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza. Suti nyeusi ikijaza picha, inaongeza. Watu wale wale, dakika ile ile, nyuso mbili tofauti. Ilhali flashi iko palepale na mtu kasimama palepale. Mimi naweza kurudi nyuma hatua kumi na kubadilisha lenzi, mwanga ulioko usoni mwake haujui kama nimesogea. Unaiweka nguvu kwa mkono mara moja, robo au moja ya nane, unapiga picha moja ya majaribio, unaendelea. TTL ina maana pale msaidizi anapoishika flashi mkononi na kumfuata mtu anayetembea, umbali ukibadilika kila hatua. Anayefanya kazi hiyo ailipie. Anayeanza asidanganyike kwamba bila TTL hawezi.

Asichoweza kukikosa ni kuamuru nguvu ya flashi kutoka kwenye triga. Hapa ndipo ningeipiga mstari mwekundu mimi. Flashi ikiwa mita mbili na nusu juu, ndani ya mwavuli, na unataka kutoka robo kwenda moja ya nane, kuna tofauti kubwa kati ya kuzungusha kitufe kilichopo chini ya kidole chako na kuomba radhi, kushusha stendi, kukunja mwavuli, kubonyeza, kufungua mwavuli na kupandisha stendi huku watu wamebana tabasamu. Kuna triga rahisi ambazo zinawasha tu, hazibadilishi kitu. Zinawasha vizuri. Jioni utazichukia.

Kingine ni usingizi. Flashi nyingi hujizima baada ya dakika chache zikiona hazitumiki, ili kutunza betri. Ikiwa juu ya kamera unaigusa, inaamka. Ikiwa juu ya stendi upande wa pili wa ukumbi, haiamki mpaka uende. Muulize muuzaji kama usingizi unaweza kuzimwa, au kama triga inaweza kuiamsha, na usikubali jibu la mdomo. Iache mezani imelala, nenda mwisho wa chumba, bonyeza.

Kuhusu kasi ya shata niseme kidogo, maana nayo imewahi kuniletea fedheha. Shata ya kamera nyingi ni mapazia mawili: la kwanza linafungua, la pili linafunga. Hadi 1/200 au 1/250 ya sekunde kuna wakati pazia zote zimeachia njia na flashi inaangaza picha nzima. Ukizidi hapo, la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza, unabaki upenyo unaotembea, na mweko mmoja wa flashi unaangaza kipande tu. Nilishapeleka picha kumi na moja zenye utepe mweusi chini, watu hawana miguu, kwa sababu nilikuwa kwenye 1/500 na sikuangalia. Triga nyingine zina ucheleweshaji mdogo, kwa hiyo hata kwenye 1/250 utepe unachungulia. Shuka hadi 1/160. Kuna flashi zenye modi ya kasi ya juu, HSS, ambayo badala ya mweko mmoja hutoa mfululizo wa miweko midogo mpaka upenyo umalize kupita. Inafanya kazi, lakini inakula nguvu, kwa kawaida stopu mbili au zaidi, na sasa unajua stopu mbili zinafanya nini kwenye 33. Anayepiga watu juani huku lenzi imefunguliwa f/2 anaihitaji. Anayepiga ndani usiku anaweza kuishi bila hiyo.

Betri zenyewe. Flashi za betri nne ndogo ziwekee za kuchajiwa za NiMH. Watu wanaona za alkali zina volti 1.5 na za NiMH 1.2, wanachagua za alkali. Lakini alkali ina ukinzani mkubwa zaidi ndani, haitoi umeme kwa haraka, kwa hiyo flashi inachelewa kujaa, na kadiri zinavyochoka ndivyo kusubiri kunavyorefuka. Flashi zenye betri moja kubwa ya lithiamu zinajaa baada ya sekunde moja na nusu au mbili hata kwa nguvu yote. Nazipenda, ila betri ikifa huwezi kuweka ya saa ya ukutani. Nunua ya pili siku hiyo hiyo. Na vyovyote iwavyo, usiifyatue flashi kwa nguvu yote thelathini mfululizo. Inapata joto, nyingine hujipunguza mwendo zenyewe, nyingine hunuka plastiki.

Hapa nguvu ndogo ina raha yake nyingine. Kwenye flashi hizi ndogo, ukipunguza nguvu, mweko wenyewe unakuwa mfupi. Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alianza kugandisha mwendo kwa flashi ya umeme miaka ya 1930, na unachohitaji leo kugandisha mtoto anayeruka ni kuishusha flashi hadi 1/16 ya nguvu yake na kuisogeza karibu. Wanaokimbilia nguvu kubwa hawaijui raha hii kwa sababu hawashuki kamwe.

Wanaorithi flashi za zamani kwa wajomba zao wawe waangalifu kidogo. Baadhi zilikuwa na zaidi ya volti 200 kwenye kituo cha kuwashia, na si kila kamera ya kidijitali iliyotengenezwa kulivumilia hilo. Na flashi yoyote, nzee au mpya, msiifungue na bisibisi. Kapasita yake, kile kinachohifadhi umeme wa mweko, hubaki na chaji ya kumtupa mtu hata baada ya betri kutolewa.

Flashi ya kijana hatukuirudisha. Tumeitafutia kipokezi cha redio cha kukaa chini yake, kinachoiwasha tu, hakibadilishi nguvu, kwa hiyo yeye ndiye anayepanda kiti na kushuka. Amejifunza kukisia nguvu sawasawa mara ya kwanza, maana kiti kinamchosha. Ukurasa wenu bado anao, ameubandika ndani ya kifuniko cha begi. Ile 60 ameikata kwa kalamu nyekundu, pembeni ameandika 33, na chini yake, kwa herufi ndogo, "mwavuli: 16".

Wenu,
Mpiga picha wa sherehe